Anza na namba sita: namna ya kupanga kikosi cha vijana wa mtaani

Kocha mpya akikabidhiwa timu ya vijana, mara nyingi huchukua kalamu akaandika 4-3-3, yaani mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu, kwa kuwa ndivyo alivyoona kwenye runinga kabla ya mechi. Kisha huanza kutafuta watoto wa kujaza zile nafasi. Mimi nafundisha vijana wa chini ya miaka 17 hapa Makorora, Tanga, na nakuomba ufuate njia nyingine. Mfumo uache uje mwisho. Kwanza ujue una nani mkononi. Halafu mtafute mtu mmoja wa kusimama mbele ya mabeki wa kati, namba sita, na hao wengine uwapange kwa kumtazama yeye. Timu yenye namba sita mzuri utaibadilisha mfumo kipindi cha pili na wachezaji wataelewa. Timu isiyo naye utaibadilisha mpaka jioni na tundu litabaki palepale katikati.

Wiki za mwanzo usitaje namba

Ukimuuliza kijana anacheza namba gani, atakutajia namba ya mchezaji anayempenda. Wengi watasema kumi. Basi usiwaulize. Wagawe watano watano au sita sita, weka magoli madogo ya mawe, waache wacheze chandimu, na wewe ukae pembeni na daftari. Kila mtoto mpe ukurasa wake. Filimbi ipige kwa faulo ya hatari tu.

Chenga usiziandike, hizo utaziona hata kama hutaki. Mchezaji mmoja mmoja hukaa na mpira mguuni dakika chache tu katika zile 90, kwa hiyo unachotaka kukijua ni anafanya nini dakika zilizobaki. Mimi naandika mambo haya: nani anageuza shingo kuangalia nyuma kabla pasi haijamfikia, nani anakimbia kurudi timu yake ikipoteza mpira, na nani anaongea na wenzake. Kuongea nina maana ya kuelekeza, "mtu mgongoni", "geuka", "rudisha". Kulalamika ni kitu kingine, nako nakiandika.

Andika pia mguu. Mwenye mguu wa kushoto ni mali, mwekee alama. Na mtoto mwoga wa mpira wa kichwa usimcheke wala usimkaripie mbele ya wenzake, andika tu, kwa sababu kuna nafasi uwanjani ambazo hazidai kichwa sana.

Baada ya siku kadhaa utashangaa jinsi kurasa zinavyojipanga zenyewe. Yule uliyedhani ni winga kwa sababu ya mbio zake utakuta hageuzi shingo hata mara moja, lakini anarudi kukaba kwa moyo wake wote: huyo ni beki wa pembeni, bado hajajua.

Namba zilikotoka, na kwa nini sita yuko peke yake

Jambo hili wafundishe vijana, litawasaidia kuelewa wanachofanya. Zamani timu zilicheza 2-3-5. Kipa alikuwa moja, mabeki wawili walikuwa mbili na tatu, watu wa kati watatu walikuwa nne, tano na sita, na mbele walisimama watano, saba mpaka kumi na moja. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ikabadilishwa: badala ya wapinzani watatu kuwa kati ya mshambuliaji na mstari wa goli, wakatosha wawili. Mabao yakawa mengi ghafla. Herbert Chapman wa Arsenal ni miongoni mwa waliopata dawa mapema, akamshusha namba tano kutoka katikati akamweka kati ya mabeki. Ndiyo maana mpaka leo namba tano ni beki.

Miaka ikapita, mmoja zaidi wa katikati akashuka kukaa na tano. Kwa Waingereza aliyeshuka ni sita, na nne akabaki kiungo. Kwetu imekuwa kinyume, nne na tano ndio mabeki wa kati na sita ndiye aliyebaki mbele yao. Katika wale watatu wa kati wa zamani, wawili wameenda nyuma na huyu mmoja amerithi eneo lao lote. Ukilitazama hivyo utaona kwa nini nasema umtafute yeye kwanza.

Namba sita

Huku mchangani namba sita hutolewa kwa mtu wa shoka. Anaitwa mkata umeme, anavunja mashambulizi kwa kuvunja watu, na mashabiki wanampenda. Nakuomba usimchague huyo kwa sababu hiyo tu. Mchague yule ambaye daftari lako linasema anageuza shingo. Mwili utakuja kwa mazoezi, na macho yake ndiyo unayoyahitaji leo.

Kazi yake ya kwanza ni kusimama. Asimame mita nane mpaka kumi mbele ya nne na tano, kwenye njia ya pasi inayotaka kwenda kwa mshambuliaji wa wapinzani. Akisimama vizuri, ile pasi haipigwi kabisa, na watu wasiojua mpira watasema leo hajafanya kitu. Wewe mwambie umemwona.

Kazi ya pili ni kuziba. Beki wa kulia akipanda, sita anasogea kulia hatua kadhaa. Beki wa kati akitoka kumfuata mtu, sita anashuka kukaa mahali pake mpaka mwenyewe arudi. Haendi kwenye kibendera cha kona kufukuzana na winga, hata akiona winga anamshinda beki wake. Hapo ndipo vijana wengi wanapoharibu: wana huruma na mwenzao, wanakwenda kumsaidia, krosi inarudishwa nyuma na inamkuta namba kumi wa wapinzani amesimama peke yake pale kwenye nusu duara la 18, yaani ukingoni mwa eneo la penalti.

Kazi ya tatu ni kupokea mpira kutoka kwa mabeki akiwa ameuelekeza mwili wake pembeni, bega moja likitazama goli lao na jingine goli la wapinzani, ili aweze kucheza mbele kwa mguso mmoja au miwili. Akipokea akiwa amelitazama goli lake mwenyewe, hana pa kuupeleka ila kuurudisha.

Afrika Mashariki tuna watu wa kuwaonyesha vijana. Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alipokwenda Southampton mwaka 2013, alikuwa na mwili mkubwa kweli, lakini mtazame miguu yake kabla mpira haujafika: tayari amekwisha kusogea. Khalid Aucho wa Uganda, alipokuwa Yanga, alikuwa hakimbii sana na bado mpira ulikuwa unamkuta. Watafutie vijana video zake na uwaambie wamwangalie yeye tu, wasiuangalie mpira. Ni zoezi gumu, jicho linataka kufuata gozi. Lakini dakika kumi za kumwangalia mtu mmoja zinamfundisha kijana zaidi ya mkusanyiko wa mabao.

Zoezi langu la namba sita ni rahisi. Chora mraba wa mita 12 kwa 12, yeye katikati, wawili nyuma yake na wawili mbele. Mpira unatoka kwa walio nyuma. Wakati unamjia, mmoja wa wale wawili wa mbele, ambao sasa wako mgongoni kwake, ananyanyua vidole, na sita lazima ataje idadi ya vidole kabla hajaugusa mpira. Asipotaja, mpira unarudi mwanzo hata kama pasi yake ilikuwa nzuri. Likiwa jepesi, ongeza mkabaji mmoja ndani ya mraba. Fanya hivi mwanzoni mwa kila mazoezi, na wafanye wote, hata kipa.

Walio nyuma yake

Mabeki wa kati wachague wawili kwa pamoja, maana ni jozi. Mmoja awe wa kuushambulia mpira, anayetoka mbele kuruka na kugombania. Mwenzake awe wa kuvizia nyuma, anayeusoma mpira utakaopita. Ukiweka wawili wa kutoka, mpira mmoja mrefu unawapita wote. Ukiweka wawili wa kuvizia, mshambuliaji atageuka kwa raha zake mbele ya 18 yako. Urefu ni mzuri lakini usiufanye sheria. Dickson Job ni mfupi kwa beki wa kati na ameicheza nafasi hiyo Yanga na Taifa Stars, kwa sababu anajua aanze kuruka lini na asimame wapi. Sisi wa Tanga tunaye Bakari Mwamnyeto wa kumtaja, aliyetoka Coastal Union kwenda Yanga mwaka 2020, na vijana wa hapa wakimsikia jina lake wanakaa wima.

Mstari wa mabeki una kanuni moja ninayoirudia mpaka naota nayo. Mpinzani mwenye mpira akiwa ameinua uso na hana mtu wa kumbana, mstari unashuka. Akiwa amegeuka kulitazama goli lake, au akirudisha pasi nyuma, mstari unapanda. Wote wanne pamoja, kama wavuvi wanaovuta juya ufukweni, mmoja akilegeza upande wake samaki wanatokea hapo. Mtego wa kuotea wa makusudi usiwafundishe bado. Unataka wanne wenye umri wa miaka 16 wapande kwa nukta moja na mshika kibendera awe sambamba nao, na mechi zetu nyingi washika vibendera ni watu waliojitolea. Wafundishe kushuka kwanza.

Mabeki wa pembeni, mbili na tatu, ni miongoni mwa wanaokimbia sana katika timu ya kisasa. Shomari Kapombe upande wa kulia na Mohamed Hussein "Tshabalala" upande wa kushoto waliifanyia Simba kazi hiyo kwa miaka, na vijana wanapowaiga huiga kupanda tu. Agizo langu ni kwamba mmoja akivuka mstari wa kati, mwingine anabaki na kuingia ndani kidogo, ili nyuma wabaki watatu pamoja na mabeki wa kati. Sita akiwa mbele yao, watu wanne wanalinda. Hata ukishambuliwa kwa kushtukiza una watu wa kutosha.

Kipa mchague mapema, na usimchague kwa kuwa hawezi kukimbia. Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44, na tangu mwaka 1992 hawezi kuudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake kwa makusudi, kwa hiyo anahitaji miguu. Anahitaji sauti zaidi. Yeye ndiye anayeuona uwanja wote, na sita anahitaji kusikia "kushoto kwako" kutoka kwa mtu anayeona. Timu ikiwa inashambulia, kipa asibaki kwenye mstari wa goli, apande mpaka karibu na ukingo wa 18.

Walio mbele yake

Namba nane ni mapafu. Anapanda na sita anabaki, anarudi na sita anapumua. Namba kumi ni yule mwenye jicho la pasi ya mwisho, na hapa naomba uwe mkali kidogo: kumi asiyerudi hata mita kumi timu ikipoteza mpira anamwachia sita watu wawili wa kukaba. Kipaji chake kiheshimu, mpunguzie mbio, lakini mpe mtu mmoja wa kumsimamia, yaani sita wa wapinzani. Timu yenu ikipoteza mpira, asogee kwa huyo tu.

Kuna kisa ninachowasimulia vijana kila msimu. Mwaka 1953 Hungary ilikwenda Wembley ikaifunga Uingereza 6-3. Nándor Hidegkuti alivaa jezi namba tisa lakini hakusimama mbele, alishuka katikati. Harry Johnston, beki wa kati wa Uingereza, akawa na mashaka: nimfuate niache tundu nyuma, au nibaki nimwache acheze? Hidegkuti alifunga mabao matatu. Baada ya kuwasimulia, wape swali hilo hilo: nani alipaswa kumchukua? Subiri wajibu wenyewe. Mwaka hadi mwaka kuna mmoja anayesema, "Sita, kocha." Basi elekeza hivyo: tisa wa wapinzani akishuka, beki anamfuata hatua chache mpaka sita ampokee, halafu anarudi mahali pake. Kupokezana huko kufanyike kwa sauti.

Mawinga sina mengi. Kwenye uwanja mpana, winga akae pembeni kabisa mguu ukigusa chokaa, ili kumtanua beki. Lakini usilazimike kuwa na mawinga wawili wa aina moja. Ufaransa ilichukua Kombe la Dunia mwaka 2018 ikiwa na Kylian Mbappé upande wa kulia, huru kukimbia mbele, na upande wa kushoto ikamweka Blaise Matuidi, ambaye kwa asili ni kiungo, ili timu isilegee pande zote mbili. Kama una mtoto mmoja wa mbio na mwingine wa kazi, umeshapata mawinga wako.

Namba tisa mfundishe kutembea kabla ya kumfundisha kupiga mashuti. Onyesha bao la Mbwana Samatta dhidi ya Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi, Wembley, Machi 2020. Aston Villa walifungwa 2-1 siku ile, lakini lile bao ni somo: krosi ya Anwar El Ghazi inakuja na Samatta anajirusha kuupiga kwa kichwa. Krosi yenyewe nzuri, ila simamisha video kabla haijapigwa ukamtazame yuko wapi. Tisa wako afanye miendo miwili kila mara, wa kwanza wa kumdanganya beki, wa pili wa kwenda anakotaka. Wa Tanga tuna mfano wa nyumbani pia: Abdul Suleiman "Sopu" aliyefunga mabao matatu peke yake dhidi ya Yanga kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa Tanzania mwaka 2022, akiwa na Coastal Union. Mechi iliisha 3-3 na tukashindwa kwa penalti. Bado inaniuma, na bado nawaonyesha.

Sasa mfumo

Tarakimu za mfumo zinakueleza watu wamesimama wapi mpira ukiwa haujaanza kutembea. Ukishaanza, kinachobaki ni umbali: kati ya mstari na mstari, na kati ya mtu na mtu. Arrigo Sacchi aliichezesha Milan 4-4-2 ya kawaida kabisa na wakachukua ubingwa wa Ulaya mwaka 1989 na 1990. Siri yake kubwa ilikuwa kutaka mita 25 hivi tu kutoka beki wa mwisho mpaka mshambuliaji wa mbele. Vijana wetu hawataweza hizo, lakini 35 wanaweza. Mita kumi mpaka 12 kati ya mstari na mstari.

Nitakupa kipimo kisichohitaji kifaa. Katikati ya mazoezi piga filimbi, kila mtu agande alipo. Wewe tembea kutoka kwa beki wa mwisho mpaka kwa namba tisa ukihesabu hatua kwa sauti, wote wasikie. Zikizidi arobaini, timu imekatika, na karibu kila mara tundu liko mbele au nyuma ya sita. Usiseme neno, waache wasogee wenyewe.

Kwa timu inayoanza, mimi naanzia 4-4-2, kwa sababu kila mtoto ana jirani anayemwona na kazi zake zinaelezeka kwa sentensi moja. Wawili wa kati ni sita na nane, na sheria ni kwamba hawapandi wote. Ubaya wake utauona ukikutana na timu yenye viungo watatu: sita wako atakuwa anakimbizana na wawili. Dawa iko mbele. Mshushe mshambuliaji mmoja akae juu ya sita wa wapinzani, na hapo tayari unacheza 4-4-1-1 bila kumbadilisha mtu.

Kama umejaliwa kumi wa kweli, au sita wako bado mdogo na anahitaji mwenzake wa kumshika mkono, nenda 4-2-3-1. Wale wawili wa chini wanagawana kulia na kushoto, kosa la mmoja lina mwokozi. Hasara ni kwamba tisa anabaki peke yake mbele, basi awe na uwezo wa kuutunza mpira mgongo ukiwa golini mpaka wenzake wafike.

4-3-3 ni nzuri kuitazama na inadai sana. Sita yuko peke yake kabisa, wawili walio mbele yake lazima wawe na mapafu, na mawinga lazima warudi. Niliyoyaeleza kuhusu kusimama, kuziba na kupokea, kama sita wako anayafanya matatu yote bila kukumbushwa, mpe mfumo huu. Kama anakumbushwa moja, subiri msimu ujao.

3-5-2 vijana wanaipenda kwa kuwa inaonekana ina watu wengi katikati. Carlos Bilardo aliitumia Argentina ikachukua Kombe la Dunia mwaka 1986, watu wakifanya kazi ili Diego Maradona awe huru. Ila mabeki wa pembeni kwenye mfumo huu wanabeba ubavu mzima kila mmoja peke yake. Kijana wa miaka 16 akichoka dakika ya 60 hapandi tena, mfumo unageuka 5-3-2, na mnajikuta mmekaa ndani ya 18 yenu mkiondosha mipira tu. Uitumie kama una watoto wawili wasiochoka na mabeki watatu wa kati wanaojua kucheza. Huku mtaani ni nadra kuvipata vyote.

Na uwanja nao una kauli. Sheria inaruhusu upana kuanzia mita 45 mpaka 90, na viwanja vyetu vingi viko karibu na ile ya chini, ubavu mmoja ukiwa umepakana na mtaro. Uwanja mwembamba unaua mawinga, hivyo waingize ndani na uache mabeki watumie pembeni. Mipira ya kurusha inakuwa silaha, kwa kuwa ukirusha kutoka karibu na 18 mpira unafika golini, na kumbuka anayepokea mpira wa kurusha moja kwa moja hawezi kuwa ameotea. Kwenye mchanga mzito pasi fupi inafia njiani, waambie waupige mpira kwa nguvu zaidi ya wanavyodhani inahitajika. Sita kwenye uwanja wa aina hii asogee karibu zaidi na mabeki, mita sita au saba, kwa sababu mipira mingi itakuwa ya juu na kazi yake itakuwa kuokota inayodondoka.

Kuwazoesha

Siku ya kufundisha mfumo, mpira uache pembeni. Wapange kumi na mmoja, wewe simama mbele ukiwa na koni mkononi, tembea nayo kulia na kushoto, timu nzima isogee kuifuata. Hakuna wapinzani, hakuna kukimbia, kutembea tu. Watalalamika kwamba wamekuja kucheza. Vumilia, dakika 15 zinatosha. Mabeki wanne wafunge kamba kiunoni, mita nane kati ya mtu na mtu, ili wahisi mwenzao akisogea. Baada ya hapo leta mpira, lakini timu pinzani iwe ya washambuliaji sita tu, na wewe usimamishe mchezo kila sita wako anapokuwa mahali pasipo pake. Muulize, "Nani yuko mgongoni kwako?" Akijibu bila kugeuka, endelea. Akigeuka ndipo ajibu, mrudishe.

Siku ya mechi

Dakika 15 za kwanza usipige kelele. Tafuta jibu la swali moja: nani katika wapinzani anapokea mpira bila kubanwa? Akiwa ni kiungo wao wa chini, mshushe mshambuliaji wako. Akiwa ni beki wao wa pembeni, winga wako hajarudi, mwite. Akiwa ni mtu anayesimama kati ya mabeki wako na viungo wako, sita amepanda mno au mabeki wameshuka mno, tazama lipi kati ya hayo kabla ya kumlaumu mtoto. Wakija na washambuliaji wawili dhidi ya mabeki wako wawili wa kati, mzuie beki mmoja wa pembeni asipande kabisa mpaka mapumziko.

Ukipata kadi nyekundu, toa mshambuliaji mmoja ucheze 4-4-1. Mistari miwili ya watu wanne inabaki mizima na watoto wanaijua tayari. Akitolewa sita mwenyewe, nane anashuka mahali pake na aliyekuwa kumi anakuwa nane. Usimwingize beki wa tano kwa hofu, utawapa wapinzani uwanja wote wa katikati.

Kwa hiyo benchini uwe na sita wa pili, anayejulikana na wote kwamba ndiye. Mchague kutoka lile daftari la mwanzo, mfanyishe zoezi la vidole sawasawa na mwenzake, na mpe kipindi kizima kwenye mechi za kirafiki mkiwa mnaongoza na hata mkiwa mmefungwa. Akiwa benchini mkalishe karibu yako, na kila baada ya muda muulize angekuwa amesimama wapi sasa hivi.